Gazeti litupe ratiba ya sayari iliyopimwa kwa anga letu

Mhariri,

Mwishoni mwa Februari 2025 habari ya sayari saba kujipanga mstari ilizagaa duniani kote, na huku kwetu tuliisoma kwa Kiswahili kwenye simu na magazetini. Picha nyingi zilizoandamana nayo zilionyesha mipira ya rangi imening'inia juu ya milima kama taa za harusi. Aliyetoka uani jioni hiyo kuitafuta mipira hiyo aliona nukta tatu za wazi: Zuhura magharibi, Mshtarii juu upande wa kaskazini, na Mirihi kaskazini-mashariki. Utaridi na Zohali zilikuwa zimemezwa na mwanga wa machweo. Uranus na Neptuni zinahitaji darubini. Msomaji akarudi ndani akidhani macho yake ndiyo mabovu, kumbe habari ndiyo iliyompunja. Haikumwambia ageukie wapi, saa ngapi, wala kwamba kila sayari angani ni nukta tu.

Ombi langu ni kwamba gazeti lako lichapishe kila mwezi kisanduku kidogo cha sayari, cha mistari mitano au sita, kilichopimwa kwa anga la Afrika Mashariki. Nyakati za swala huchapishwa, na maji kujaa na kupwa pia. Sayari hazihitaji nafasi kubwa kuliko hizo, na mahesabu yake yanajulikana miaka mingi kabla.

Nasisitiza anga la kwetu kwa sababu miongozo mingi ya intaneti imeandikwa kwa wakazi wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Mtu wa London huambiwa ageukie kusini, na ni sahihi kwake, maana huko sayari zikifika kileleni huwa upande huo. Sisi tuko karibu na ikweta, na njia ya sayari hutupitia juu ya kichwa, mara ikiegemea kaskazini, mara kusini. Tarehe 10 Januari 2026 Mshtarii ilikuwa mkabala na jua, yaani upande wa pili wa anga, katika buruji (kundi la nyota kwenye njia ya sayari) ya Jauza. Kwa mtu wa Dar es Salaam, ilipofika kileleni ilikuwa upande wa kaskazini, nyuzi kama 60 kutoka upeo wa macho. Aliyefuata mwongozo wa Ulaya akageukia kusini alikutana na Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku, na chini yake Suheli, inayoifuata kwa mwanga. Si ajabu akaiita mojawapo Mshtarii. Sayari ikiwa katika buruji ya Akarabu au ya Kausi mambo yanageuka: Dar es Salaam inaiona nyuzi 75 upande wa kusini, karibu na utosi, wakati London inaiona kwenye nyuzi 16 tu, nyuma ya mapaa ya majirani. Tuna anga ambalo wenzetu wa kaskazini wanalitamani, halafu tunalisoma kwa ramani yao.

Kuipata njia ya sayari hakuhitaji chombo. Jua, mwezi na sayari zote hupita karibu kwenye mstari mmoja, kwa sababu sayari zinalizunguka jua kama vitu vilivyowekwa juu ya sinia moja, nasi tunalitazama sinia hilo tukiwa juu yake. Kwa hiyo sayari ziko kwenye mstari kila usiku wa mwaka, na habari ya "kujipanga mstari" maana yake ni kwamba kadhaa zimekuwa juu kwa wakati mmoja, basi. Jioni weka alama mahali jua lilipozama, iwe mnazi, kona ya ukuta au mnara wa simu. Kukishaingia giza mtafute mwezi. Uvute uzi wa mawazo kutoka alama ile kupitia mwezini hadi upande wa mashariki. Nyota yoyote kali iliyo nje ya uzi huo kwa zaidi ya ngumi moja si sayari. Ndiyo maana Suheli na nyota za Msalaba wa Kusini hazipaswi kumchanganya mtu: hakuna sayari inayofika huko.

Ngumi niliyoitaja ni kipimo halisi. Nyosha mkono mbele, kunja ngumi, fumba jicho moja: upana wa ngumi ni kama nyuzi 10. Kidole kidogo peke yake ni nyuzi 1, vidole vitatu vya kati ni nyuzi 5, na shubiri, toka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni kama nyuzi 20. Mtoto anapata jibu lile lile kwa mkono wake, kwa sababu mkono mfupi huja na ngumi ndogo. Jaribu kwa kupandisha ngumi juu ya ngumi kutoka upeo wa macho hadi utosini: zinapaswa kuwa 9. Zikiwa 7 umekunja kiwiko. Mwezi mpevu una nusu nyuzi tu, yaani kidole kidogo kinaufunika mara mbili. Hapo ndipo unapoumbuka ule ujumbe unaorudi kila Agosti kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi. Ulizuka baada ya 27 Agosti 2003, Mirihi ilipokaribia dunia kuliko wakati wowote katika miaka karibu 60,000. Hata siku ile upana wake angani ulikuwa pungufu ya sehemu moja ya 70 ya upana wa mwezi.

Sasa tuzitambue moja moja. Zuhura ni nyeupe, haina mfano kwa ukali, na haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 47. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo Zuhura hukaa juu muda usiozidi saa tatu na kitu baada ya machweo, au kabla ya macheo. Ukiona nyota kali saa sita usiku, hata ing'ae vipi, si Zuhura. Huenda ni Mshtarii, inayoifuata Zuhura kwa mwanga na ambayo nayo haimetimeti. Mshtarii huhama takriban buruji moja kwa mwaka, kwa hiyo ukishaijua mwaka huu, mwakani iko jirani. Zohali ni ya rangi ya samli, tulivu, haina makeke. Hulizunguka jua kwa zaidi ya miaka 29, hivyo hukaa katika buruji moja zaidi ya miaka miwili, na ndiyo inayopuuzwa kwa sababu haijitangazi. Mirihi ndiyo inayosumbua. Kila baada ya miezi kama 26 huwaka kama kaa la moto, kisha hufifia mpaka inalingana na nyota za kawaida, na watu hudhani imetoweka. Katika Akarabu kuna nyota nyekundu iitwayo Antares, na jina hilo la Kigiriki maana yake ni mshindani wa Mirihi. Tofauti yao utaiona ukisubiri: Antares humetameta, na wiki mbili zijazo itakuwa pale pale kati ya nyota jirani zake, wakati Mirihi itakuwa imesogea.

Utaridi nataka kuisemea zaidi, maana vitabu vya kaskazini vimeitia sifa mbaya ya kutoonekana. Haitengani na jua kwa zaidi ya nyuzi 28. Huko, njia ya sayari mara nyingi hulala sambamba na upeo wa macho, na mwanga wa jioni hukaa muda mrefu, kwa hiyo Utaridi huzama kabla ya giza. Kwetu njia hiyo husimama karibu wima, na giza huingia haraka: ikipita saa moja na robo tangu jua kuzama, ni usiku kamili. Muda wa kuitafuta ni kati ya dakika 35 na 60 baada ya machweo. Ukiwahi zaidi anga bado jeupe, ukichelewa imeshazama. Unahitaji upeo wa magharibi ulio wazi. Forodhani pale Unguja panafaa sana, na Kisumu na Kigoma pia wana maji upande wa machweo. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ana bahari mashariki, kwa hiyo kwake ni rahisi zaidi kuitafuta alfajiri inapokuwa upande huo. Jioni ya 12 Oktoba 2026 Utaridi inakuwa nyuzi 25 kutoka kwenye jua. Dakika 45 baada ya machweo iko zaidi kidogo ya ngumi moja juu ya upeo. Nyota kali utakayoiona kwanza, chini zaidi, ni Zuhura inayoaga. Utaridi ni ile hafifu juu yake.

Kuhusu kumetameta, kanuni ni nzuri lakini watu huitumia vibaya. Nyota iko mbali mno, mwanga wake unatujia kama uzi mwembamba, na hewa ikitikisika uzi unakatika na kuunga. Sayari ina upana kidogo, mwanga wake ni kama kamba ya nyuzi nyingi, moja ikikatika nyingine ipo. Lakini chini ya ngumi moja na nusu kutoka upeo wa macho, hewa tunayopenya ni nene na yenye joto, na hata Zuhura hucheza rangi nyekundu na kijani. Subiri ipande, au kama ni jioni, anza mapema ingali juu. Epuka pia kutazama juu ya barabara ya lami au paa la zege la jirani, kwani huachia joto la mchana mpaka usiku. Na kama nyota ina mwanga mkali sana upande wa kiwanja cha ndege na haisogei, hesabu dakika mbili. Ndege inayokuja moja kwa moja kwako na taa za kutua zimewashwa huonekana imesimama, kisha ghafla hupasuka ikawa taa tatu.

Taa za mjini hazizuii sayari. Kinachohitaji giza ni Njia Nyeupe na nyota hafifu, ila Zuhura, Mshtarii, Mirihi iliyokaribia na Zohali zinaonekana katikati ya Kariakoo au Eastleigh. Jikinge tu na taa inayokupiga usoni moja kwa moja, kwa kusimama nyuma ya ukuta. Adui wa kweli ni mawingu. Nairobi anga hufunga mfululizo kati ya Juni na Agosti, miezi ile ile ambayo Dodoma huwa kweupe. Januari na Februari, kabla ya masika, ni nafuu kwa wengi wetu.

Programu za simu zinazochora ramani ya anga, kama Stellarium, ni msaada mkubwa, ila zina mitego miwili. Wa kwanza ni dira. Nondo za ukuta, gari, na sumaku ya kwenye kasha la simu huipotosha hata ngumi tatu au nne. Ondoa kasha, sogea mbali na gari, zungusha simu hewani kwa umbo la tarakimu nane mara kadhaa, halafu ilinganishe na mwezi: ukiielekeza simu mwezini na mchoro ukauweka mwezi pengine, usiiamini kwa lolote jingine. Mtego wa pili ni saa. Majarida ya nje hutumia saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Tukio la 18:30 kwa saa hiyo kwetu ni 21:30, yaani saa tatu na nusu usiku. Tukio la 22:00 tarehe 8 kwetu ni saa saba usiku, na kalenda imeshafika tarehe 9. Magazeti yanayonakili tarehe bila kufanya hesabu hii huwatoa watu nje usiku usio wenyewe.

Mwenye nia ya kuona zaidi asikimbilie darubini kubwa. Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10x50 (hukuza mara 10, na lenzi za mbele zina kipenyo cha milimita 50) inatosha kuona miezi minne ya Mshtarii, ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Shida si nguvu, ni mtetemo. Mikono mitupu hufanya nukta iwe kamba. Egemeza viwiko juu ya ukuta wa uani, au bana darubini kwenye nguzo ya baraza, au simamisha mpini wa ufagio mbele yako na uilaze darubini juu yake. Chora duara dogo katikati ya karatasi, weka nukta za miezi kushoto na kulia kama unavyoziona, andika saa. Rudia kesho saa ile ile. Io, mmoja wa miezi hiyo, humaliza mzunguko kwa chini ya siku mbili, kwa hiyo mchoro haufanani usiku hadi usiku. Ukiona miezi mitatu tu, huenda mmoja uko mbele au nyuma ya Mshtarii.

Darubini hiyo hiyo itakuonyesha umbo la Zuhura. Kuanzia mwishoni mwa Septemba 2026 hadi wiki ya kwanza ya Oktoba ni hilali nyembamba kama mwezi mwandamo. Itazame mara jua linapokwisha kuzama kabisa, anga likiwa bado la samawati. Ukisubiri giza, mng'ao wake unazidi na hilali inageuka kuwa doa lenye miale. Usiinue darubini jua likiwa bado limebakiza hata kipande, maana lenzi huunguza jicho kabla hujasikia maumivu.

Pete za Zohali zinahitaji darubini ya kweli, yenye kukuza mara 25 au 30. Kioo cha mbele cha milimita 60 au 70 kinatosha. Usidanganywe na boksi lililoandikwa mara 525. Kikomo cha manufaa ni kama mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, kwa hiyo ya milimita 60 inaishia mara 120, na zaidi ya hapo unakuza ukungu tu. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi ya darubini (umbali kutoka kioo cha mbele hadi mwanga unapokutana) kwa ule wa lenzi ya macho, ile unayochungulia: milimita 700 kwa 25 ni mara 28. Anza siku zote na lenzi ya macho yenye namba kubwa, kwani huonyesha eneo pana. Wengi huanza na ya milimita 4, hawaoni kitu, na darubini inaishia juu ya kabati. Darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni irekebishwe mchana kwa kitu cha mbali, mathalani ncha ya mnara wa simu upande usio na jua. Kama ndani ya boksi mna kioo cheusi cha kufungia kwenye lenzi ya macho kwa ajili ya jua, kitupe: joto lililokusanywa hapo hukipasua jicho likiwa nyuma yake. Na anayetarajia pete pana ajue kwamba Machi 2025 zilitugeukia ubavu zikawa kama hazipo. Sasa zinafunguka polepole, na mwaka huu bado ni nyembamba, kama sindano iliyochomwa kwenye ushanga.

Pwani kuna tatizo la lenzi kufuka. Darubini iliyotoka chumba chenye kiyoyozi hushika umande papo hapo inapokutana na hewa ya nje. Itoe nusu saa kabla, ikiwa imefunikwa, na usiifute kwa kanga wala fulana: chumvi na vumbi vitachora kioo. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, la sivyo kuvu huota ndani ya lenzi na haitoki.

Jambo dogo kuhusu majina. Baadhi ya maandishi huiita Zohali "Sarateni". Sarateni ni buruji ya Kaa, wala si sayari, na kufanana kwa sauti na jina la Kiingereza ndiko kunakopotosha. Lugha yetu ina Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Naomba kisanduku kiyatumie hayo.

Nimekuwekea mfano wa Oktoba 2026, mhariri, uone udogo wake. Zohali iko mkabala na jua tarehe 4: huchomoza mashariki jua likizama, na kuanzia saa 2 usiku iko zaidi ya ngumi mbili juu. Karibu saa 6 na nusu usiku iko kileleni, Nairobi ikiiona takriban utosini, Dar es Salaam ngumi 8 upande wa kaskazini. Usiku wa 24 mwezi unaokaribia kujaa uko jirani nayo, ndani ya ngumi moja. Zuhura iko chini magharibi mwanzoni mwa mwezi, na baada ya wiki mbili haionekani tena. Utaridi magharibi, bora zaidi karibu na tarehe 12, dakika 35 hadi 60 baada ya machweo. Mirihi na Mshtarii ziko mashariki saa 10 alfajiri: Mirihi juu, nyekundu, na Mshtarii chini yake kwa zaidi kidogo ya ngumi katikati ya mwezi, zikisogeleana mpaka zipishane katikati ya Novemba. Uranus na Neptuni: kwa darubini tu.

Mwangalizi wa anga,
Tanga